Tuseme Alphonse Ameiba Mbuzi

Baraka, Jumatatu, 5 Agosti 1957
Likizo ya chuo kikuu. Profesa ameahidi kazi ya usaidizi kwa atakayefundisha uthibitisho wa hisabati kwa njia ya kibinadamu. Yeye huusomea ubao, sisi katupa mgongo! Njia ninayo. Uthibitisho usomwe kwa sauti, polepole, kama hadithi. Badala ya herufi, watu. Placide, tunayesoma naye, amecheka. Wivu tu.

Jumanne, 6 Agosti
Nitaijaribu njia yangu katika lubunga, kibanda ambamo wanaume hula na kukata mashauri. Alphonse, baba wa mchumba wangu Anastasie, atakuwepo. Harusi ni mwezi ujao. Ajionee mkwe aliyempata!

Jumatano, 7 Agosti
Balaa! Nilichagua uthibitisho ule wa kukubali uongo kwanza, kisha kuufuata mpaka uanguke wenyewe. Nikasoma: tuseme Alphonse ameiba mbuzi wa Bonaventure. Nikatua, kama msomaji hodari. Bonaventure akaruka, akasema alimshuku tangu zamani. Kumbe kweli kapotelewa na mbuzi! Alphonse akanguruma: "We mutoto, mi niko mwizi?" Nikapiga kelele kwamba mstari wa tano unamsafisha. Nani alisikiliza?

Alhamisi, 8 Agosti
Nimeshtakiwa. Katika lubunga neno likitamkwa ni shtaka, na mwenye shtaka alete shahidi. Nikajitetea kwamba sikuamini hata kidogo nilichosoma. Wakashangilia: amekiri uongo! Faini: mbuzi, apewe Alphonse. Placide akajitia kunitetea. Akausoma uthibitisho wote bila kutua, kwa upole, akijitaja mwenyewe kuwa mwizi. Wote wakaelewa, wakapiga makofi. Faini ikabaki palepale. Alphonse akauliza kijana huyu ni wa ukoo gani, na kama ameshaposa. Roho iliniuma.

Ijumaa, 9 Agosti
Mahari imerudishwa. Anastasie alikuja kuniambia kwamba yeye uthibitisho aliuelewa. Asichoelewa ni kwa nini mwizi awe baba yake, asiwe baba yangu. Swali gani hilo? Baba yangu ni mtu mwaminifu!

Jumamosi, 10 Agosti
Nimelia kidogo, kisha nikafikiri. Kosa nimelipata: mbuzi. Mifugo huwapandisha watu hasira. Kesho nimeombewa nafasi kanisani, baada ya matangazo. Humo hakuna mifugo. Nitaanza hivi: tuseme mchungaji ana wake wawili.