Nywele za Laetitia na Samaki wa Mdomo Mdogo

Jumatatu, 11 Novemba 2013
Bwana Perumal, msimamizi wetu wa ghala hapa Mobeni, Durban, anastaafu mwezi ujao. Funguo za stoo atamwachia mmoja wetu: mimi au Machano, yule wa Pemba. Mwenye funguo anakaa kwenye kiti. Habebi magunia. Mgongo wangu ulisikia habari hiyo kabla ya masikio.

Kisha akasema Jumamosi atatupeleka sote wawili mtoni kuvua samaki anaowapenda kuliko wote, bass wa mdomo mdogo. Havuliwi kwa minyoo. Anavuliwa kwa nzi wa bandia: ndoano iliyofungwa manyoya, ifanane na mdudu. Akauliza nani anajua kuvua. Machano akasema hajui. Mtu wa kisiwani, na hana haya! Mimi nikasema nimezaliwa Uvira, ziwa iko mlangoni. Hapo sikudanganya. Iko mlangoni kweli. Ila ndagala, dagaa wa kwetu, tulinunua sokoni.

Mchezo nimeuelewa. Atakayevua ndiye wa funguo.

Jumatano, 13 Novemba
Duka la vifaa vya uvuvi. Muuzaji mvumilivu sana. Akashauri fimbo nyepesi, mshipi mzito, na nzi wa rangi ya udongo, anayefanana na kaa wa mtoni, azame taratibu kando ya mawe. Nikashukuru. Moyoni nikajua ananificha siri. Nani atakula udongo wakati iko dhahabu?

Fimbo nimeazima kwa Dominiki, jirani yetu hapa mtaa wa Point, anayevua pale gatini. Ndefu, imara. Akanionya kwamba ni ya baharini, ya kurushia risasi nzito za kuzamisha ndoano. Nikamwambia samaki ni samaki.

Dhahabu nimeipata saluni kwa mke wangu, Agathe. Kwenye rafu kulikuwa na nywele za Laetitia, anayeolewa Jumamosi. Nywele za binadamu, si plastiki, dada yake amezileta kutoka Brussels. Zinang'aa! Nikakata kidogo tu, kwa chini. Kisha kidogo upande wa pili, zilingane. Hazikulingana. Nikarudia.

Ijumaa, 15 Novemba
Nzi watano tayari. Vichwa nimevigandisha kwa rangi ya kucha ya Agathe, nyekundu. Vraiment, kweli kabisa, hata mimi ningewala.

Agathe amerudi amechoka. Nywele za Laetitia hazikutosha. Bibi harusi alilia kwenye kiti, mama yake akaanza kusema saluni hii ina wezi. Basi Agathe akatoa nywele zake mwenyewe, zile alizozitunza mwaka mzima kwa ajili ya ubatizo wa binti yetu Grâce, akamsukia mteja. Akaniuliza kama nimeona mtu yeyote saluni. Nikasema labda panya.

Akaangalia vidole vyangu. Akapakua chakula, na kipande kikubwa cha samaki akaweka kwangu. Nimekula kwa shida. Nina aibu, nakiri. Lakini funguo zikipatikana nitamnunulia nywele ndefu kuliko zile.

Jumamosi, 16 Novemba
Mto mzuri, maji ya kahawia, mawe makubwa. Perumal akatazama fimbo yangu, akatazama nzi wangu, akasema hajawahi kuona nzi aliyevaa kwenda harusini. Nikacheka naye. Yeye hakujua amesema nini.

Nikarusha. Nzi akaanguka miguuni pangu. Nikarusha kwa nguvu. Akanasa suruali ya Perumal, kwa nyuma. Eish. Mzee alisimama huku namnasua. Kisha akaniambia neno moja, kwa upole:

"Nzi hana uzito, Ezéchiel. Mshipi ndio unaombeba."

Sikutaka kufundishwa mbele ya Machano. Nikafunga risasi ya Dominiki. Ikatua majini kwa kishindo, na samaki wote wa upande wetu wakahama.

Machano yeye aliuliza kila kitu. Asimame wapi? Anavuta lini? Kwa nini nzi wa udongo? Aliuliza mpaka mimi nikaona aibu kwa niaba yake. Akapewa fimbo nyepesi ya mzee. Akapata wawili, wa rangi ya shaba, wakali kweli. Wakarudishwa majini. Mimi nimevua tawi la mgunga.

Kwenye gari Perumal akampa Machano funguo. Nikamuuliza, ni kwa sababu ya samaki? Akashangaa.

"Samaki hawahusiki. Stoo ina vitu elfu nne. Nataka mtu anayeweza kusema sijui."

Njia nzima, kila robot, taa za barabarani, ilitusimamisha.

Nyumbani nikamkuta Agathe ametoka harusini. Alikwenda na kilemba. Msusi, kwenye harusi ya mteja wake, na kilemba! Nikashindwa kuvumilia, nikamwambia yote, nzi watano nikawaweka mezani.

"Nilijua tangu jana, Baba Grâce," akasema. "Nilikuwa nangoja useme wewe."

Akawachukua, akawatia kwenye mkebe wa sindano. Nilitamani anipigie kelele. Ingekuwa nafuu.

Jumapili, 17 Novemba
Kanisani. Nimetubu, na nimetubu kweli. Neno la Perumal halinitoki. Miaka kumi na miwili nimekuwa nikirukaruka hapa Durban, najiona nina mbawa, kumbe kuna mtu ananibeba. Nikamtazama Agathe pembeni yangu, kilemba kile kile. Machozi yakanilenga. Nikaapa: mipango basi.

Kabla ya ibada Machano alinitumia ujumbe. Anahitaji msaidizi wa stoo, mzee amekubali jina langu lifikiriwe, na Jumamosi tunarudi mtoni. Akaongeza: safari hii, kaka, uliza tu. Ana moyo mzuri, Machano. Nitauliza.

Ingawa la kuuliza silioni. Kosa langu lilikuwa rangi. Muuzaji alisema udongo, Perumal alisema udongo.

Mbele yangu amekaa Mama Élisabeth, kiongozi wa akina mama. Kofia mpya. Nyuma ina manyoya, kahawia iliyokolea, rangi ya udongo wenyewe, yanatikisika kila akisema amina. Kaa wa mtoni mtupu!

Mchungaji ameanza maombi, na maombi yake ni marefu. Watu wote wamefumba macho. Mkoba wa Agathe uko miguuni pangu, na ndani yake hakukosi mkasi.

Kidogo tu. Kwa chini. Kisha upande wa pili, yalingane.