Gunia la Okal

Jumatatu, 4 Oktoba 1993

Barua kutoka Migori. Imeletwa na mama muuza dagaa, inanuka dagaa mpaka kwenye saini. Ni ya Okal, mtoto wa mama mkubwa Aloo, anayefanya kazi upande wa Kenya kwenye kampuni ya kupima miamba. Nainakili hapa ili isipotee: "Ndugu yangu Okinyi, usimwambie Everlyne wala mama. Tangu Ijumaa kampuni wamenipa sack. Njoo tuongee. Kama huko machimboni kuna nafasi, niwekee."

Sack ni gunia. Hilo halina ubishi. Darasa la sita nilikuwa wa nne kwa Kiingereza, na ningekuwa wa kwanza kama nisingeacha shule. Nilitaka kuhakikisha kwenye kamusi ya babu, lakini inaishia herufi R. Kuanzia S babu aliivuta na tumbaku.

Kwa hiyo Okal amepewa gunia zima la mawe ya dhahabu. Mimi navuta kamba shimoni kwa Magige wiki nzima, mgao wangu karai moja. Yeye gunia. Ndiyo maana hataki mkewe Everlyne ajue. Mwanaume mwenye akili.

Jumanne, 5 Oktoba

Nimemwekea nafasi. Nimehamisha vitoto vya mbuzi kutoka kona ya nyumba yangu, nimefagia, nimetandika majani makavu gunia lisishike unyevu. Mbuzi hawajafurahi.

Mama mkubwa alipita akauliza nafagia kwa ajili ya nani. Okal alikataza nimwambie. Sikumwambia. Nilisema tu kwamba kuna mtu wa damu yake, jina linaanza na O, ambaye wazungu wamemkumbuka kwa gunia la dhahabu. Akakaa chini. Akasema nyathina, mtoto wake, hajawahi kukumbukwa na mtu yeyote tangu ubatizo.

Nelson, jirani yetu aliyefika kidato cha pili na asiyetuacha tulale kwa ajili hiyo, amesema kupewa sack ni kufukuzwa kazi. Nilimuuliza mtu anakufukuzaje huku anakupa kitu. Akasema ndivyo Kiingereza kilivyo. Wivu. Ukimfukuza mtu unamnyang'anya, humpi.

Alhamisi, 7 Oktoba

Nimewaza usiku kucha: kwa nini Okal apewe na mimi nisipewe? Labda hatupewi kwa sababu hatuombi.

Mnyapara wetu ni Ogweno, mtu wa Rongo, Kiingereza anakitema kama mate. Saa nne, wote tukiwa juu tunapumzika, nikavua kofia nikamwambia kwa sauti: "Sir, give me the sack." Mama Wegesa, anayetwanga mawe karibu na shimo, akasimamisha mtwangio hewani. Kiingereza kinaheshimiwa.

Ogweno aliniuliza kama nina hakika. Nikasema yes. Akaniuliza kama nimeongea na wazazi. Nikasema hili ni jambo langu mwenyewe. Akasema omera, ndugu yangu, toka masika nilikuwa natafuta namna ya kukuambia, na wewe umenirahisishia. Akanipa mkono. Akasema nimekubaliwa kuanzia leo, nirudi nyumbani.

Rahisi namna hiyo. Wenzangu wamevuta kamba mwaka mzima midomo imefungwa.

Ijumaa, 8 Oktoba

Nimeshinda nyumbani nasubiri gunia langu. Halijaja. Nimepanua nafasi, sasa mbuzi wote wako nje. Mama anauliza kwa nini siko kazini. Nimemjibu kwamba nimefika hatua ambayo kazi inanifuata.

Jumamosi, 9 Oktoba

Sabato. Mama mkubwa alisimama mbele ya kanisa akaomba maombi ya shukrani kwa ajili ya Okal, akayamwaga yote: wazungu, gunia, dhahabu. Mzee wa kanisa akaomba sala ndefu kuliko ya harusi. Nelson alikuwa benchi la nyuma ameinamisha kichwa. Nilidhani anasali.

Kesho tunakwenda, mimi na mama mkubwa. Nelson amenipa baiskeli yake yenye keria imara, bila hata kubishana. Alitaka kusema kitu, nikamwambia aseme nikirudi. Nimechukua gunia tupu la ziada, kama la Okal litakuwa limetoboka.

Jumapili, 10 Oktoba

Naandika nikiwa Migori, kwenye jiko la Everlyne. Sijui nianzie wapi.

Tulivuka mpaka wa Sirari asubuhi. Mama mkubwa alipanda gari na jogoo wake, mimi nikamfuata na baiskeli. Tulipofika, Okal alikuwa amekaa mlangoni anapiga dawa buti za kampuni. Jumapili. Mama mkubwa akamkumbatia, akapiga vigelegele, majirani wakatoka. Akauliza gunia liko wapi, alishike tu, hata kama halifunguliwi.

Okal aliniangalia mimi. Natamani angenitukana.

Akanivuta nyuma ya choo. Akaniambia taratibu kwamba amefukuzwa, yeye na wenzake wanane, mashine zimehamishwa. Kila asubuhi anavaa buti, anaaga, anakwenda kukaa sokoni mpaka jioni. Nikamuuliza kwa nini basi hakuandika "nimefukuzwa" kama watu. Akasema Everlyne ndiye aliyemtafutia bahasha, na Everlyne anasoma Kiswahili na Kijaluo. Kiingereza hasomi. Halafu akasema hata mkono wake ulikataa kuliandika lile neno la Kiswahili. Kwa Kiswahili ni wewe umefukuzwa, kama mbwa jikoni. Kwa Kiingereza ni kama umepewa kitu, unaweza kusimama nacho.

Nilikubali kwamba nilikosea. Mimi, Okinyi.

Tuliporudi ndani, Everlyne alikuwa anamnyonyoa jogoo. Akasema, bila kuinua macho, kwamba anajua tangu Jumatatu. Soksi. Miezi kumi amezifua zinatoa maji mekundu ya vumbi la miamba, na wiki hii maji yalikuwa meupe. Alikuwa anasubiri mwenye soksi aseme. Okal akakaa kwenye kigoda, mikono kichwani. Mama mkubwa ndiye aliyekuwa wa mwisho kuelewa, nami ndiye niliyemweleza, kwa hiyo kosa langu nimelilipa kidogo.

Alifikiri, halafu akasema jogoo hawezi kurudi Tanzania akiwa hana manyoya. Tukala. Shukrani aliisali ileile, ila alitoa gunia akaweka mtoto.

Jumatatu, 11 Oktoba

Nimerudi na mzigo: Okal mwenyewe, kwenye keria, amekalia gunia tupu. Milimani tulishuka tukasukuma. Njiani nilielewa ile "nafasi". Alikuwa anaomba kazi. Mimi nikafukuza mbuzi.

Nikampeleka moja kwa moja kwa Ogweno, nikamsifia mpaka nikachoka. Ogweno akasema kwa kweli nafasi ipo, kuna kijana kwenye kamba aliomba mwenyewe kuondoka Alhamisi, kwa Kiingereza kizuri. Wote wakaniangalia. Mama Wegesa alicheka mpaka akashika kiuno.

Kwa hiyo na mimi nina gunia langu. Nilipewa siku ileile. Nilikuwa nalo nyumbani siku nzima ya Ijumaa huku nalisubiri.

Okal alikataa. Alisema hawezi kushika kamba ya ndugu yake. Ogweno akasema basi Okinyi arudi, tumsamehe. Yaani nilikuwa nimeshapata. Nikaangalia zile buti za Okal zinazong'aa. Nikawaza maji meupe kwenye beseni la Everlyne. Nikamwambia Okal ashike kamba upesi kabla sijabadili mawazo, mimi nina mipango mikubwa. Sikuwa nayo. Alishika.

Jioni alirudi amejaa vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi. Hakukung'uta.

Jumatano, 13 Oktoba

Mipango mikubwa imekuja yenyewe. Kuna kampuni nyingine ya miamba imefika upande wetu, wamebandika karatasi dukani: "Ten posts. Apply before Friday."

Safari hii sikukurupuka. Nimefungua kamusi ya babu, na P ipo. Post: nguzo. Kuna maana nyingine chini yake, lakini ya kwanza inatosha. Apply, herufi A, ipo pia: paka.

Wanataka nguzo kumi, zilizopakwa, kabla ya Ijumaa. Nelson alinikimbilia njiani anapunga mikono, anataka kunifundisha neno moja. Nilimwambia ameshachelewa, leo nimesoma mwenyewe. Mjomba wa Itiryo amekubali nikate mikaratusi yake, na fundi wa baiskeli ananiwekea oili chafu debe zima. Naona wengine wanahangaika kuandika barua za maombi. Hakuna hata mmoja mwenye panga.