Taya la Shemeji

Jumatatu, 7 Juni 1999
Galgalo, dalali mwenzangu, hana haya. Leo mnadani kanifunua mdomo mbele ya wanunuzi, kama sisi madalali tunavyokagua ng'ombe, akatangaza kwamba huyu kabakia wa kuchinjwa tu. Garsen nzima ikacheka. Hata Mwanasha, mjane muuza mahamri, kacheka! Naye ndiye atakayetujibu mwisho wa mwezi: anaolewa nami au na Galgalo. Meno yangu mawili ya mbele yaliondoka na teke la fahali. Basi! Napandikiza mapya.

Jumatano, 9 Juni
Malindi. Daktari Bushra, binti mdogo, maswali kama polisi. Kumbe si kila mtu anafaa! Sukari? Presha? Akapima, sina. Tumbaku? Nikaapa sijawahi hata kuinusa. Akauvuta mdomo wangu wa chini. Ilikuwemo. Akasema niiache miezi mitatu, kidonda ilichonichimba ufizini kipate kupona, kisha nipigwe picha ya taya, maana jino hukazwa kwenye mfupa, na mfupa mwembamba hauwezi kulishika. Miezi mitatu! Mwanasha anajibu mwezi huu!

Jumamosi, 12 Juni
Nimepata! Miaka kumi na tano nauza ng'ombe vikongwe kwa jina la mitamba, nitashindwa na binti? Mnunuzi huonyeshwa aliyenona. Shemeji yangu Rashad wa Idsowe huvunja kokwa ngumu za makoma kwa meno. Akipigwa picha kule hospitali kwa jina langu, daktari ataona mfupa ule na kusahau tumbaku. Rashad kauliza kama inauma. Mtu mzima!

Alhamisi, 17 Juni
Balaa. Daktari kaiinua picha dirishani, akausifu mfupa. Nikatabasamu. Kosa! Akahesabu meno thelathini na mawili pichani, akaniambia niachame, akauliza haya mawili ya mbele nimeyaacha wapi. Nikasema labda picha ni ya zamani. Akanionyesha tarehe. Juzi.

Jumamosi, 19 Juni
Rashad karopoka yote kwa Mwanasha. Nikaitwa. Nikajua nimekwisha. Lakini akasema marehemu mumewe alikuwa na meno yote na hakuwa na neno moja la kweli. Yeye hahesabu meno. Niache tumbaku, nikamwambie daktari ukweli, naye atanisubiri hiyo miezi mitatu. Keshamkatalia Galgalo! Nilitaka kulia kwa furaha. Nikaapa.

Jumapili, 20 Juni
Naandika haya na tumbaku mdomoni, ya kuagana tu. Miezi mitatu si mchezo. Nimefikiri tangu alfajiri, nimeona tulipokosea. Mfupa ulikuwa sawa. Jina lilikuwa sawa. Shida ilikuwa yale meno. Nimemtuma mtu kwa Rashad: ang'oe mawili tu ya mbele, apigwe picha upya. Kanijibu kwa matusi! Atabaki na thelathini. Anataka mangapi mtu huyu?