Sauti ya Mama, Ng'ambo ya Barabara

Jumatatu, 7 Julai 2008

Sabasaba. Ofisi zote zimefungwa, mimi nimefungua. Redio za watu haziponi kwa sherehe.

Habari mbaya imevuka barabara pamoja na kikombe cha chai. Aliyeileta ni Mwanabibi, mama lishe wetu hapa sokoni Nachingwea. Kasema simu ya Dismas inakufa. Kioo kinaingia weusi kuanzia pembeni, na Jumamosi anaipeleka Masasi kubadilishana na nyingine.

Nikasema na ife. Simu yake, kioo chake.

Mwanabibi akasema sauti ya mama yenu imo humo humo, na simu yenyewe haina hata pa kuweka kadi ya kuhifadhia. Ikienda, imeenda nayo.

Chai ikanipalia.

Niandike vizuri, nisije nikazeeka nikasahau nani alikosa. Dismas ni mdogo wangu, tumbo moja. Kinyozi. Kibanda chake kinatazamana na changu, katikati barabara tu. Hatusalimiani tangu tumzike Mama, na sababu ni msalaba. Mtoto wa kwanza ni mimi. Kule Mbekenyera alikotuzalia, wakubwa kwa wadogo walimwita Mama Felisian. Miaka ya mwisho akahamia huku kwa Dismas, na majirani wa huku wakamwita Mama Dismas. Haya, majirani hawajui. Lakini msalaba alikwenda kuuandikisha Dismas peke yake, na hadi leo rangi nyeupe inasema: MAMA DISMAS. Mimi nilidondoka kutoka wapi?

Na sauti anayo yeye! Alimrekodi Mama akibangua korosho huku anaimba. Sijawahi kuisikia. Wanyolewaji wote wa Nachingwea wameisikia.

Jioni nimejaribu kukumbuka Mama alivyokuwa akiongea. Uso ninao, picha ipo ukutani. Sauti haikuja. Nimekaa muda mrefu na bisibisi mkononi, nikimwita kichwani, ananitazama tu. Hilo limeniuma kuliko msalaba.

Jumanne, 8 Julai

Nimepata njia! Bluetooth.

Nimemtuma Mwanabibi aseme kaka mkubwa yuko tayari kupokea ile sauti. Jibu likarudi: Dismas anaituma kwa moyo mweupe, anayeitaka aje. Nikajibu mkubwa haitwi na mdogo. Aje yeye. Akajibu ana mteja. Hakuwa na mteja. Namwona kutoka hapa.

Mwisho tumeafikiana hivi: kila mtu abaki kibandani kwake, sauti ivuke yenyewe. Hakuna atakayesema Felisian alikwenda kuomba.

Nikafungua simu, nikatafuta. Yakaja majina ya simu za wapita njia: Mtoto wa Likunja. Simba wa Kilimarondo. Sista Duu. Kisha Dizo Kiboko Yao. Huyo ndiye mdogo wangu. Ana miaka arobaini na mbili.

Alipotuma, ikaonekana. Ikasita. Ikapotea. Akatuma tena, ikasema imeshindikana. Rahimu anayeuza vocha pembeni yangu akanishauri nisogee karibu. Nikamwambia mimi ni fundi redio, mawimbi ni kazi yangu. Redio inashika Dar es Salaam nzima nzima, hii itashindwa na barabara?

Rahimu kasema hizo ni redio. Watoto wa siku hizi wana majibu.

Jumatano, 9 Julai

Siku ya utaalamu. Nimechaji betri mpaka ikajaa. Nimevua simu ganda lake la mpira. Nimehamisha mabati yote yaliyokuwa yamesimama mlangoni. Nimezima redio zote, hata ya Mzee Shehe, aliyekuwa amekaa hapo hapo akisikiliza taarifa ya habari. Kanuna. Nimepanda juu ya stuli.

Imefika robo! Halafu likapita basi la Ruangwa, limejaa mpaka mlangoni. Ikakatika. Miili ya watu inakula mawimbi, hilo ni jambo la kisayansi. Nimemtuma Mwanabibi amwambie Dismas tusubiri barabara itulie. Dismas kasema itatulia tukiwa tumekufa wote.

Alasiri simu ikalia. Faili limeingia lote! Nina spika kubwa ya kigango niliyokuwa naitengeneza, nikaiunganisha na simu. Nikawaomba watu wasimame. Nikawaomba wavue kofia. Mzee Shehe alivua barakashia yake pamoja na kwamba amenuna. Nikabonyeza.

Mbuzi. Mbuzi anayecheka kama mtu, kwa sauti ya spika ya kanisa. Lilikuwa limetumwa na Simba wa Kilimarondo, sijui alikuwa abiria gani, na mimi kwa haraka nikakubali.

Soko zima limecheka. Dismas alicheka akiwa ameshika nguzo, mteja wake kanyolewa upande mmoja. Lakini nimeona kitu. Aliacha kucheka kabla ya wote. Aliitazama simu yake, akaifuta kioo kwa shati, akaingia ndani.

Alhamisi, 10 Julai

Antena. Kwa nini sikufikiria mapema?

Alfajiri nimefunga waya wa shaba kwenye paa langu, nikauvusha barabara mpaka kwenye nguzo ya Dismas. Kufunga waya si kumtembelea mtu. Huku kwangu nikauzungusha kwenye simu mara nyingi, nikakaza kwa utepe. Kazi safi. Kila aliyepita aliinua macho.

Kasoro moja tu. Ni msimu wa ufuta na mimi nilipima kimo cha basi.

Lori lilikuja na magunia yamepandana hadi mbinguni. Likauchukua waya. Waya ukaichukua simu. Nimeiona simu yangu ikipaa juu ya meza, ikivuka mlango, ikipanda juu ya ufuta na kuelekea Ruangwa bila mimi.

Nimekimbia! Nina miaka arobaini na tano na ndara moja ilibaki njiani. Nikapanda pikipiki ya mtu nisiyemjua. Tukalikuta lori kwenye geti la ushuru, nikapanda juu ya magunia. Karani akataka kujua gunia langu ni lipi. Nikamwambia mimi sina gunia, nafuata sauti ya marehemu mama yangu. Aliniangalia, akaninyooshea mkono nishuke taratibu.

Simu nzima, ina mkwaruzo tu. Niliporudi nimekuta ndara yangu mlangoni, imefutwa vumbi. Mwanabibi kaapa si yeye.

Ijumaa, 11 Julai

Weusi umefika katikati ya kioo, kasema Mwanabibi. Dismas anabonyeza kwa kukisia.

Leo sikufanya utundu wowote. Mchana, watu wakiwa msikitini na barabara imepungua watu, nimemwona Dismas akisogeza kiti chake cha kunyolea mpaka ukingoni mwa baraza. Akakaa. Akanyoosha mkono wenye simu kuelekea barabarani, kama anayesubiri mvua. Hakuniangalia.

Nami nikatoa stuli yangu mpaka kwenye mtaro. Nikanyoosha wangu. Sikumwangalia.

Ikafika nusu. Nimeona nywele zake zimeingia mvi, kinyozi mzima! Ikafika nusu na kidogo. Mguu wangu mmoja ulikwisha kushuka mtaroni, sikuutuma, ulikwenda wenyewe. Hatua chache tu, na sauti ingekuwa yangu.

Hapo kapita mama mmoja na ndoo, akamsalimu Dismas, akasema kazi nzuri, Mama Dismas angekuona angefurahi.

Nikaurudisha mguu. Ikakatika.

Kesho asubuhi anapanda basi la Masasi. Sijala. Si kwa hasira. Nimekaa nikijiambia kwamba mtu anaweza kuishi bila kusikia sauti ya mama yake, wengi wanaishi hivyo, baba zetu waliishi hivyo. Ni kweli. Haikunisaidia.

Jumamosi, 12 Julai

Tumevamiwa.

Niseme kwanza kwamba Mwanabibi ni Myao na sisi Wamwera, kwa hiyo ni mtani wetu. Siku ya mazishi ya Mama alilala mlangoni, akazuia jeneza lisitoke mpaka apewe kuku. Alipewa. Mtani akichukua huwezi kukasirika. Ukikasirika watu wataona hukulelewa, na aliyekulea ndiye anayezikwa.

Sasa asubuhi Dismas kasimama barabarani na mkoba, anasubiri basi. Mwanabibi akatoka jikoni kwake na sufuria ya ubwabwa, tupu, imeoshwa. Akamwendea. Akaingiza mkono kwenye mfuko wa shati la Dismas, akachomoa simu, akaitia ndani ya sufuria. Kabla sijacheka, alikuwa kwangu. Yangu nayo, ndani! Akarudi, akaweka sufuria katikati ya barabara, akaisimamia na mwiko.

Akatangaza kwa soko zima kwamba msiba wa mama yetu yeye hajaumaliza, kwa sababu siku ya kuanua tanga watoto wa marehemu hawakukaa mkeka mmoja, na watani hawakuagwa wakaagika. Kwa hiyo anatwaa simu zote mbili. Anayetaka yake aje aichukue humu humu, na sauti iwe imeshahama. Vinginevyo anapika.

Basi la Masasi lilifika, likapiga honi. Alilitishia mwiko. Dereva akazima injini. Abiria wakachungulia.

Tungefanya nini? Kukasirika hairuhusiwi.

Nikaenda. Dismas akaja. Tukachuchumaa pande mbili za sufuria. Vichwa vyetu vilikaribia kugongana. Ananukia sabuni ile ile ya mche aliyotuogeshea Mama, bado anaitumia, kumbe. Kioo chake cheusi chote, kimebaki kipande pembeni. Akabonyeza kwa kukisia. Changu kikauliza kama nakubali.

Nikakubali.

Haikusita hata kidogo! Robo, nusu, yote. Kufumba na kufumbua.

Nikabonyeza hapo hapo. Jiwe likagonga korosho, ko, ko, halafu Mama akaimba. Sufuria ikaikuza sauti, ikatoka kama yuko ndani anatafuta kitu. Wimbo ukaisha. Ikasikika sauti ya Dismas ikimwambia aseme jina lake, watu wajue nani kaimba. Mama akacheka. Akasema mimi Valentina, nani mwingine? Kisha akamwambia Dismas hizi hapa mwekee kaka yako, anazipenda zilizoungua kidogo.

Ikaishia hapo.

Ni kweli. Nazipenda zilizoungua kidogo. Hakuna mtu mwingine duniani aliyekuwa anajua hilo. Nimelia katikati ya barabara ya Nachingwea mbele ya basi zima na sitaki kuandika zaidi.

Dismas akasema, kwa sauti ndogo, kwamba wateja huwa anawakatia kwenye wimbo. Hawafikishi mwisho.

Tukakubaliana msalaba uandikwe upya. VALENTINA, kwa herufi kubwa. Akapanda basi. Nikamshikia mkoba.

Jumatano, 16 Julai

Dismas karudi tangu juzi na simu mpya, inang'aa. Tupu. Ile ya zamani mwenye duka aliichukua ikiwa imezima kabisa. Kwa hiyo sasa sauti ya Mama iko kwangu tu, na yeye anaiomba.

Namtumia kwa moyo mweupe. Anayeitaka aje.

Ningekwenda mimi, lakini limezuka jambo. Msalaba tumekubaliana, VALENTINA juu, na chini yake: mama wa Felisian na Dismas. Nilidhani hilo liko wazi. Dismas kamtuma Mwanabibi aniambie kwamba kwa alfabeti D inatangulia F. Alfabeti! Nimejibu kwamba Mama alizaa kwa zamu, si kwa alfabeti. Hatusalimiani tangu jana mchana.

Hata hivyo sauti lazima ivuke, mimi si mtu mbaya. Na safari hii nina ujuzi. Nimelifikiria lile tukio la Jumamosi kitaalamu, hatua kwa hatua. Betri zilikuwa zile zile. Simu zile zile. Barabara ile ile, na watu tele. Kilichobadilika ni kimoja tu.

Sufuria.

Inakusanya mawimbi! Iko wazi kabisa, sijui ilinipitaje, mimi fundi. Asubuhi nimenunua mbili, kubwa, za ubwabwa wa harusi. Moja nimempa Mwanabibi aivushe kwa Dismas na maelezo ya matumizi. Mwanabibi aliipokea, akachungulia ndani. Akauliza kama kweli mimi nilizaliwa, au Mama Valentina aliniokota kwenye ufuta. Ni mtani, sikukasirika.

Amevusha. Dismas kaipokea, kaigeuza, kaigonga kwa kidole, kaikubali. Sasa kakaa barazani kwake na sufuria mapajani, simu ndani. Nami nimekaa na yangu. Limepita basi, limepita lori la ufuta, wamepita watoto wa shule.

Tunasubiri barabara itulie.