Kitufe cha Kijani cha Mama Kaswera

Hakuna mjanja wa Kisangani aliyewahi kunitapeli mimi. Bon, tumtoe yule aliyeniuzia dawa ya panya, panya wakanenepa. Na yule wa meno. Wengine wote waliniogopa, na ndiyo maana Dady hakubisha kwangu. Alibisha kwa Mama Kaswera, maskini, akakosea mlango.

Dady huyo alikuwa na viatu vya kung'aa, ordinateur, kompyuta isiyo na herufi M, na ulimi wa kumuuzia samaki maji ya mto. Asubuhi moja alikuwa akipita mbele ya depot ya Mama Kaswera, ghala lake la vitenge, pale mtaa wa Makiso, akamsikia mama analalamika:

— Kila mwezi niko nalipa Philomène, na kazi yake ni kujibu barua tu!

Viatu vikasimama vyenyewe.

— Jambo sana, mama. Kujibu barua, siku hizi ingali kazi ya mutu?

— Ni kazi ya nani? Ya mbuzi?

— Ya mashini, mama! Akili ya kutengeneza. Inaingia mu boîte yako ya barua, inasoma mail ya fournisseur mwenye kukuuzia mali, inaandika jibu na Français ya ministre. Weye unagusa tu hapa, kitufe ya kijani, jibu inaenda. Mushahara haiombi. Matanga haiendi. Mimba haibebi.

Hilo la mwisho lilimwingia mama moyoni. Philomène alikuwa na watoto watano, na kila mmoja alikuwa amechagua kuzaliwa wiki ya mizigo mingi. Kabla ya saa sita, Philomène alikuwa barabarani na mkoba wake.

Tumtendee Dady haki: mashine ilikuwa ya kweli. Yeye aliongeza kidogo tu, kama chumvi. Mashine hiyo ilifuata maagizo, basi akaiandikia lake: fournisseur wa Kinshasa wakiuliza mizigo ishushwe wapi, waambie Yangambi, apewe Dady, na mama asisumbuliwe. Ballot arobaini za vikwembe, marobota ya vitenge, zilikuwa tayari majini, zinapanda mto. Ndiyo mali yote ya Mama Kaswera, jasho la miaka ishirini. Na boti inayotoka Kinshasa, Mungu alivyoupanga mto, inapita Yangambi kabla ya kufika Kisangani.

— Ila mama, kusoma hapana, Dady akaonya. Ukiisomea-somea, mashini inapata haya, inaharibu kazi. Gusa tu.

Sasa, Mama Kaswera ni mtoto wa Butembo. Baba yake aliwahi kuchora msalaba chini ya karatasi asiyoielewa, na shamba lote la kahawa likaenda. Tangu siku hiyo, katika ukoo wao karatasi haitoki nyumbani kabla ya kusomwa kwa sauti. Hata mwaliko wa ubatizo. Na macho ya mama yalikuwa yamechoka, herufi zinatembea kama mchwa. Mashine ilijua kuandika, lakini nani amsomee? Ikabidi Philomène aitwe.

— Mama, si ulinifukuza?

— Nilikufukuza ku kuandika. Ku kusoma sikukufukuza.

— Kusoma ni mara mbili ya kuandika.

— Mara mbili! Unataka kuniua?

— Alors, ununue mashini ingine, isomee ile ya kwanza.

Ndivyo maendeleo yalivyoingia Makiso: mashine ikachukua kazi ya Philomène, na Philomène akalipwa mara mbili kwa kusoma ilichoandika. Wenye shule kubwa watatueleza faida yake.

Jumatatu Kinshasa wakauliza mizigo ishushwe wapi. Mashine ikajibu palepale, kwa adabu zote. Philomène akasoma, akitafsiri Kifaransa: "Mheshimiwa, tafadhali shusha ballot zote Yangambi, apewe Bwana Dady."

— Yangambi? Nani amesema Yangambi?

Philomène akaendelea, maana masista walimfundisha kusoma mpaka nukta ya mwisho. Chini ya jibu, mashine ilikuwa imemwachia mwenye kuidhinisha maelezo mafupi, kama karani mwema: "Sababu ya jibu hili: agizo la Dady. Ameongeza kwamba mama asisumbuliwe."

Philomène akasogeza kiti chake nyuma, kwa usalama.

— Tuite polisi, mama?

— Polisi atataka ballot mbili za kufungulia dossier ya kesi. Sema kwanza: boti ikifika Yangambi, inakawia siku ngapi?

— Wiki. Inapakia mihogo.

— Na Dady, atabeba ballot zangu na nini?

— Pirogue ya moteur. Mutumbwi kubwa.

— Nani atalipa moteur na mafuta yake, mazout?

— Yeye.

Mama Kaswera hajawahi kukataa usafiri wa bure.

— Yangambi, uiache. Utoe jina yake tu, uweke yangu.

Akagusa kitufe cha kijani kwa kidole chake mwenyewe.

Kwa simu ya Dady, aliyoiunganisha na mashine, likaingia neno: jibu limetumwa. Hakulifungua. Mtu akikataza wenzake kusoma wiki nzima, mwishowe anajitii mwenyewe. Akaweka pikipiki yake rehani, akakodi pirogue kubwa ya moteur, akaijaza mazout, akashuka Yangambi na shati jipya la kupokelea mali.

Alhamisi boti ikafika. Dady alisimama kwenye mchanga, pirogue yake inanguruma tayari, macho yakihesabu ballot zinavyoshuka moja moja, nzuri kuliko maharusi. Simu ikalia. Mama Kaswera.

— Dady, mwana wangu, uko wapi?

— Kisangani, mama! Niko mbele ya mashini tangu asubuhi. Hata chai sijakunywa.

— Pole. Na hiyo kelele?

— Ventilateur, mama, feni. Mashini inapata joto.

— Inanguruma sana.

— Ni mashini ya nguvu!

— Ah bon, alisema mama, na sauti yake ilimfikia Dady mara mbili: kwa simu, na nyuma ya shingo. — Basi geuka, mwana wangu, uulize hiyo ventilateur kama itabeba ballot arobaini, na miye na Philomène juu.