Sijambo Iliyoniponza

Jumatatu, 4 Machi

Nimeanguka! Bodi ya mafao ya ulemavu imenikataa. Mimi, fundi cherehani ambaye asubuhi vidole vyake havifungi hata kifungo cha shati! Kosa langu ni malezi mema. Daktari wa bodi aliniuliza hali. Nikajibu kama mtu aliyelelewa akaleleka: sijambo, namshukuru Mungu. Akaandika. Na kazi? Nzuri tu. Akaandika hiyo pia! Mdomo uliponza kichwa. Wangu umeponza vidole.

Mke wangu hakucheka. Bila mafao hatuna cha kununulia sindano za baridi yabisi, na kliniki walishatuambia: bila sindano, vidole vitakakamaa moja kwa moja. Naogopa. Sijamwambia mtu.

Jumanne, 5 Machi

Nimekata rufaa. Nitasikilizwa keshokutwa.

Shemeji kaja. Ana pumu, alipita bodi mara ya kwanza, na tangu hapo anatembea kama waziri. Kasema mimi sina uso wa mgonjwa. Mshenzi! Nitamwonyesha. Mpango: kuisahau kabisa hiyo sijambo. Nikaingia mtaani kufanya mazoezi. Muuza magazeti kaniuliza habari, nikamjibu mbaya. Muuza mkaa: mbaya sana. Kufika jioni sebule imejaa majirani na viti vyao, wanaulizana kwa sauti ya chini nani amefariki. Mke wangu kawapikia chai wote. Sukari kwisha.

Jumatano, 6 Machi

Mpango mpya: kuchechemea. Kidole hakionekani kwa mbali, mguu unaonekana. Mke wangu kasema niseme kweli, inatosha. Nikamwambia kweli nilishaipeleka, ikakataliwa.

Baadaye nikamkuta kwenye cherehani yangu, anapinda suruali ya mteja ambayo mimi nimeshindwa. Mshono umekwenda upogo. Roho iliniuma kuliko vidole.

Alhamisi, 7 Machi

Nimechechemea toka mlangoni mpaka kitini, mke wangu nyuma yangu. Safi kabisa! Daktari yuleyule. Kauliza hali, nikang'ata meno, nikasema mbaya. Ushindi! Akanitazama kwa huruma, akasema pole sana.

Nikajibu nimeshapoa.

Mungu wangu! Ilitoka yenyewe! Mke wangu akafumba macho. Nikaanza kueleza kwamba sijapoa, kwamba huko ni kupoa kwa mdomo tu. Jasho linanitoka, na mguu wa kuchechemea nimeshasahau ni upi. Daktari akanisogezea karatasi nisaini kwamba nimefika. Kalamu ikaanguka. Nikaiokota, ikaanguka tena. Mke wangu akainama anisaidie, nikamzuia, na machozi yakanitoka mbele ya mtu baki. Daktari akashika mkono wangu, akavikunja vidole kimoja kimoja, taratibu. Nikapiga ukelele. Huo sikuupanga.

Ijumaa, 22 Machi

Nimepita! Sindano ya kwanza nachomwa Jumatatu. Mke wangu kalia, kacheka, kalia tena, kaushika mkono wangu muda mrefu.

Sababu ya ushindi iko wazi: kuchechemea. Mke wangu kasema ni vidole. Wanawake!

Bodi itanikagua upya baada ya mwaka, na safari hiyo sibahatishi. Nitakuwa kiziwi. Asiyesikia salamu haijibu! Mazoezi yameanza leo. Mke wangu kaniita mezani mara mbili, sikuitika. Shemeji kala fungu langu lote.