Kiingereza Changu Kiliishia Shingoni

Jumatatu, tarehe 3 mwezi wa saba, 1995

Leo nimezaliwa upya! Mimi Germain, fundi wa karakana ya kiwanda kilichosahau kulipa watu, nimeanza masomo ya jioni ya Kiingereza. Ukumbi ni wa parokia. Sisi tunasali kwa walokole, lakini Kiingereza hakina ubatizo. Mwalimu anaitwa Placide: mwembamba, koti moja, chaki tele. Ada ni meka moja ya unga kwa juma, kile kikopo ambacho wamama wa soko wanapimia. Somo la kwanza, salamu. Nimezishika zote! Njiani nimemsalimia mbwa wa jirani salamu ya asubuhi, ya mchana na ya jioni.

Sababu? Mchungaji wetu Michel ametangaza kwamba mwisho wa mwezi anakuja mhubiri mkubwa kutoka Kitwe, huko Zambia. Anatafutwa mkalimani. Atakayefaa atabaki mkalimani wa kanisa moja kwa moja, na posho ya unga kila mwezi. Kazi! Neno tamu.

Berthe, mke wangu, anayetulisha kwa vitumbua vyake, hakufurahi. Kaka yake Kitenge ametupatia shamba Kapolowe. Amesema mgeni akishapita na mimi sina kazi, tunakwenda kulima. "Minye nitaenda. Weye utafwata, ao utabakia na Anglais yako." Mimi na jembe? Mikono hii imeshika mashine!

Jumanne, tarehe 4

Wazo! Limenijia nikiwa sokoni, nimeduwaa mbele ya gunia. Wamama wanachukua unga Kapolowe kwa gunia, wanauza Likasi kwa meka. Kwa nini Kiingereza kisiuzwe vilevile? Jumatatu na Jumatano najifunza kwa Placide. Jumanne na Alhamisi nafundisha yaleyale sebuleni kwangu, kwa nusu meka. Akili ni mali!

Nimeanza leo leo, na majirani wachache. Salamu za asubuhi, mchana na jioni. Mmoja aliuliza Waingereza wanasemaje kwenye msiba. Nikajibu bila kupepesa macho: hilo tutaliona mwezi wa nane. Wote wakatikisa kichwa kwa heshima. Jibu zuri sana hili. Nitalitunza.

Alhamisi, tarehe 13

Baridi ya kukata masikio. Ukumbi wa parokia hauna vioo madirishani, wanafunzi wa Placide wanaandika huku wakipuliza vidole. Mimi nimeweka mbabula, jiko letu la mkaa, katikati ya sebule, makaa mekundu. Nyumba imejaa! Hata wanafunzi wa Placide wamekuja. Kiingereza chenye joto, kwa nusu ya bei. Nani atakataa?

Mkaa ni wa Berthe, wa kukaangia vitumbua. Ameona gunia linalegea. Kawaambia wanafunzi wangu mlangoni: "Bwana yangu iko na mayele mingi, ila makala yangu njo iko inaisha." Mayele, yaani akili, ni kweli ninayo. Nikamweleza kwamba mkaa ni mtaji. Hakucheka.

Berthe hacheki siku hizi. Anawatabasamia wateja, basi. Zamani nikirudi kazini nikamsimulia hata habari ya boliti iliyokatika, alicheka meno yote nje, akajishika tumbo. Tangu kiwanda kitutupe, sijayaona meno hayo. Ninayatamani kuliko unga wenyewe. Haya, nimeandika. Sirudii.

Adui: Athanase. Tulikuwa karakana moja, meza moja. Naye anautaka ukalimani, kisa aliwahi kuuza sabuni Ndola, hukohuko Zambia. Amekuja darasani kwangu kunipeleleza, akakaa karibu kabisa na mbabula, akala joto lote. Akauliza wokovu ni nini kwa Kiingereza. Mwezi wa nane! Akauliza dhambi. Mwezi wa nane! Akasema basi mpaka huo mwezi tuko huru kutenda. Watu wakacheka. Mjinga huyu.

Jumapili, tarehe 16

Ushindi! Ushindi! Mchungaji Michel amenichagua mbele ya kanisa zima! Amesema mtu anayefundisha wengine lazima anajua. Athanase alikohoa mpaka mwisho wa ibada. Berthe ameniangalia kwa muda mrefu, kama mtu anayeangalia nguo ya mitumba, akitafuta tundu. Lakini ameangalia!

Jumatano, tarehe 19

Balaa. Nimefika parokiani, ukumbi mtupu. Placide na mimi tu. Wengine wote wamehamia kwangu.

Hakukasirika. Hata hajui walikokwenda. Akanifundisha peke yangu, viungo vya mwili, kuanzia juu kwenda chini. Kichwa, macho, masikio, pua, mdomo, shingo. Hapo jua likazama, na umeme hakuna. Akafunga kitabu. Akaniambia darasa la mtu mmoja si darasa, amepata kazi Mulungwishi, kesho anaondoka. Akasema kati ya wote, mimi ndiye mwanafunzi mwaminifu. Macho yake yalikuwa na maji. Akanipa chaki yake.

Nimeona haya kwa dakika nzima. Halafu hofu ikaingia. Kisima nilichokuwa nachota maji, nimekifukia mwenyewe! Sebule imejaa watu, mhubiri yuko njiani, na Kiingereza changu kimeishia shingoni.

Alhamisi, tarehe 20

Nimefundisha kichwa mpaka shingo. Athanase akauliza bega. Mwezi wa nane. Kifua je? Mwezi wa nane. Tumbo? Akasema kumbe Waingereza wanapata shida, wanangoja tumbo mpaka mwezi wa nane.

Acha acheke. Mpango ninao. Wahubiri wote husema mambo yaleyale: Mungu, baraka, simameni, amina. Nitafuata sauti yake. Akipanda, napanda. Akishuka, nashuka. Neno nikilitambua, nalidaka na kulijengea nyumba.

Jumapili, tarehe 30

Niandike haraka.

Kanisa limejaa mpaka nje. Berthe safu ya mbele, kitenge cha kuazima. Mimi jukwaani, tai ya marehemu baba. Mhubiri Mwape anaingia. Mtu mzima, mnene, anatembea polepole, ameshika ukuta. Nikajiambia, huo ni uzito wa Roho.

Akasema maneno machache ya Kiingereza, kwa sauti ya chini. Nikatambua mawili: kichwa na asubuhi! Nilitaka kumbusu! Nikanguruma: Mgeni anasema, tangu asubuhi ya leo Mungu anainua vichwa vyenu! Simameni! Pigeni ngoma!

Ooh! Kanisa lililipuka! Ngoma tatu, kayamba, vigelegele. Mhubiri akafumba macho. Nikajua ameguswa. Vumbi lilipotulia akarudia maneno yaleyale, polepole zaidi. Kichwa, asubuhi. Nikapaza zaidi: Anarudia, ndugu zangu! Hajasikia ngoma za kutosha! Ngoma zikaletwa mbele, hadi karibu na masikio yake.

Ndipo akainua mkono. Akasema: "Mwapoleni mukwai." Na kanisa zima, wamama, wazee, watoto, wakajibu kwa pamoja: "Eya mukwai!"

Kibemba. Mtu wa Kitwe, ambako wote wanakisema! Kibemba, ambacho nusu ya Likasi imenyonya na maziwa, ambacho bibi yangu mwenyewe alinigombeza nacho! Mwezi mzima tumetafuta mkalimani, na hakuna aliyewaza. Hata mimi. Hata Athanase na sabuni zake!

Mzee akaeleza kwa upole kwamba kichwa kinamuuma tangu asubuhi kwa sababu ya barabara mbovu. Ameomba kiti na maji mara mbili, na mara mbili amepigiwa ngoma. Kila mtu alielewa bila mimi.

Halafu Berthe. Yeye wa kwanza! Alicheka meno yote nje, akajishika tumbo, akamwangukia jirani yake, kitenge cha watu kikafunguka. Kanisa likamfuata. Mchungaji Michel alicheka huku ananitazama vibaya, sijui alifanyaje. Athanase ndiye aliyeleta kiti. Athanase ndiye aliyekula kuku na mgeni. Paja, nimeambiwa.

Tumerudi nyumbani kwa miguu. Kila baada ya hatua chache Berthe alisimama, akapiga ngoma hewani, akacheka tena. Sina kazi. Sina posho. Sijui kwa nini nilitembea kama mtu aliyelipwa.

Jumanne, tarehe 1 mwezi wa nane

Mwezi wa nane umefika! Nimeamshwa na sauti mlangoni. Wanafunzi wangu wote, wamejipanga, Athanase mbele. Wanataka msiba, wokovu, dhambi, bega, kifua na tumbo. Nimetoka kwa dirisha la jikoni.

Nimemkuta Berthe nyuma ya nyumba anafunga kikaango chake. Amesema keshokutwa tunaenda Kapolowe. Nikasema twende. Alishangaa. Alitegemea vita, akaniuliza kama ninaumwa. Nikamwambia mume mwema anafuata mke wake, na jembe nitalibeba mimi mwenyewe. Akacheka kidogo. Meno ya mbele tu, lakini ni mwanzo.

Sikumwambia alichonisimulia dereva aliyeleta ujumbe wa shemeji yangu Kitenge. Kapolowe, misheni, kuna mtu kutoka Angola. Anafundisha Kireno, jioni, Jumatatu na Jumatano. Ukumbi hauna hata mlango, baridi inaingia itakavyo. Na Kitenge anachoma mkaa mwenyewe!

Jumanne na Alhamisi sina kazi yoyote.